Shepard Yangu, Shepard Yako

Jambo yenu! Wale wa kule nyuma, munanisikia? Jenereta inapiga kelele, lakini bila hiyo hatuna skrini, basi tuivumilie.

Walionialika walinipa kichwa kirefu: kwa nini mashabiki wa michezo ya video ya Mass Effect, hadithi ya vita vya angani, wanagombana mpaka leo juu ya jinsi wahusika wake walivyoandikwa. Nimekifupisha. Nitazungumza juu ya neno moja tu, nalo ni "yangu". Mnajua Kiswahili chetu cha Lubumbashi, mwenye sarufi ya Zanzibar akitusikia anashika kichwa: mutoto yangu, nyumba yangu, kitabu yangu, kila kitu ni yangu. Sasa kaa mlangoni pa chumba cha michezo, Katuba au Kamalondo, usikilize vijana wakibishana juu ya Shepard, kamanda ambaye kila mchezaji anamwongoza na kumwamulia. "Ule haiko Shepard. Shepard yangu hawezi kusema vile." Na mwenzake anamjibu: "Ya kwako ilikuwa mubaya tangu mwanzo." Jina ni moja, watu ni wawili, na hakuna anayeshangaa.

Miye mwenyewe niliingia katika hadithi hii kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2011, chumba cha kukodi kwa saa, televisheni moja, maneti mbili (vishikio vya kuchezea), moja imezungushiwa skochi. Mashine ilikuwa PS3. Mass Effect ya kwanza ilitoka 2007 kwa Xbox 360, halafu kompyuta. Sisi wa PS3 hatukuipata hadi mwisho wa 2012. Lakini sehemu ya pili ilitufikia Januari 2011. BioWare, kampuni ya Kanada iliyotengeneza michezo hii, waliona kwamba tutaanzia katikati, wakatuwekea hadithi ya picha fupi mwanzoni. Unatazama picha, zinasimama, unaulizwa: ulifanya nini? Malkia wa warachni, viumbe kama wadudu wakubwa, ulimwacha hai au ulimuua? Pale sayari ya Virmire bomu lilipowekwa, ulimwokoa nani kati ya askari wako wawili, Ashley au Kaidan? Nilikuwa sijui hata sura zao. Nyuma yangu kuna watu watatu wanasubiri zamu, saa inakwenda, pesa inakwenda. Nikabonyeza Ashley. Kaidan akafa kwa sekunde mbili, nami sikujua amenikosea nini.

Sasa, ndugu zangu, mtu wa namna hiyo anaweza kubishana na yule aliyetembea na Kaidan saa thelathini, akasikiliza habari za mama yake na maumivu yake ya kichwa? Anaweza. Nilibishana miaka! Nilisema Kaidan hana chumvi. Nilikuwa nasema juu ya picha.

Hapa mashabiki wa mpira wana bahati kuliko sisi. Desemba 2010 Mazembe, klabu ya mji wetu, ilicheza fainali ya dunia ya vilabu kule Abu Dhabi, klabu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Inter wakatufunga 3-0. Mtu wa Mazembe na mtu wa Lupopo, mahasimu wao wa hapa hapa, watagombana juu ya mwamuzi, juu ya kocha, juu ya golikipa Kidiaba kurukaruka kwa makalio, lakini mabao ni yale yale matatu, wote waliyaona. Katika Mass Effect hatukuona mechi moja. Faili yako ya mchezo wa kwanza inabeba maamuzi yako mpaka wa pili, wa pili mpaka wa tatu wa 2012. Aliyekufa kwako amekufa. Kwangu anatembea, anatania.

Tufanye jaribio dogo. Nani hapa alimwacha Wrex hai? Nyosheni mikono. Karibu wote. Nani alimpiga risasi? Kuna mkono mmoja kule karibu na dirisha umepanda ukashuka haraka. Nimeuona. Tutarudi.

Kwa wasiojua: Wrex ni mkrogan, mmoja wa wenzako wasio binadamu. Watu wake walitiwa ugonjwa wa kutengenezwa, uliobuniwa na wasalarian na kusambazwa na waturian, mataifa mengine ya angani, ili katika mimba elfu moja mtoto mmoja tu azaliwe hai. Pale Virmire inagunduliwa kwamba adui ana dawa ya ugonjwa huo, na Shepard ametumwa kulipua mahali ilipo. Wrex anainua bunduki. Unaweza kumtuliza kwa maneno ukiwa na ufasaha wa kutosha, au ikiwa zamani ulimtafutia vazi la vita la mababu zake. Ukishindwa, anakufa pale majini. Nimeangalia onyesho hilo na watu wa umri wote hapa mjini, na sijaona hata mmoja aliyehitaji kuelezwa kwa nini amekasirika.

Na hapa ndipo penye fundisho la ufundi, ambalo wengi hulipita. Mchezo wa pili unaisha kwa safari ambayo wenzako wote wanaweza kufa, kila mmoja wao. Tuliusifu sana. Lakini jiweke mahali pa mwandishi wa sehemu ya tatu. Unaketi kuandika, na karibu kila mtu aliyependwa yawezekana ni maiti katika faili ya mtu fulani. Unamwandikiaje jambo kubwa mtu ambaye huenda hayupo? Walichofanya ni kuweka watu wa zamu. Wrex amekufa? Yupo Wreav, ndugu yake. Mordin, yule daktari wa kisalarian, amekufa? Yupo Padok Wiks, salarian mwingine. Malkia wa warachni ulimuua mwaka 2007? Adui amejitengenezea mwingine. Mashabiki walipoona hilo la malkia walipandwa na hasira: basi uamuzi wangu ulikuwa wa nini?

Wana haki ya kukasirika, lakini mimi nawaonea huruma waandishi. Kadiri walivyotupa uhuru wa kuua, ndivyo walivyolazimika kuandika watu wanaoweza kuondolewa bila nyumba kuanguka. Ndiyo maana katika wale kumi na wawili wa mchezo wa pili, waliorudi kuwa askari wako wa kudumu katika wa tatu ni Garrus na Tali tu. Miranda, Jack, Samara, Grunt wanakuja kukusalimia kama wageni wa matanga: wanakaa kidogo, wanasema neno, wanaaga. Shabiki wa Jack anasema waandishi walimsahau. Hawakumsahau. Walikuwa hawana hakika kama yuko hai.

Nililielewa hili vizuri mwaka 2021, michezo mitatu ilipotolewa upya pamoja. Nikaanza tangu mwanzo, kwa uvumilivu, usiku umeme ukiwepo. Nikafika Virmire, nikamwokoa Kaidan. Deni lilipwe! Halafu mchezo wa pili, sayari ya Horizon, tunakutana baada ya miaka miwili ya kudhaniwa nimekufa. Akaanza kunishutumu kwa usaliti, kwa kujiunga na kundi la Cerberus. Nikashtuka. Maneno haya nimeyasikia! Mwaka 2011 Ashley aliniambia karibu yote haya. Watu wawili wasiofanana kabisa, mmoja mkali wa kusema, mwingine mpole wa kupima maneno, wamevalishwa koti moja. Aliyesalia analivaa. Kwa Ashley halimbani sana. Kwa Kaidan lilining'inia. Wale waliosema siku zote kwamba Kaidan wa Horizon si Kaidan, niliokuwa nikiwacheka, walikuwa wameshika ukweli.

Nikae hapa kidogo na Kaidan, maana nina deni naye na pia nadhani sisi wa mji huu tunaweza kumsoma kuliko wengi. Dunia nzima ya Mass Effect imesimama juu ya kitu kimoja, elementi sifuri, wao huita eezo. Meli haziruki bila hiyo. Katika mchezo wa pili unapitisha saa nyingi ukizungusha chombo juu ya sayari kutafuta palladium, platinum, iridium na hiyo eezo. (Rafiki yangu mmoja, baba yake mchimbaji, alisema: "Baba angejua kuna watu wanalipa pesa ili wafanye kazi hii!" Ila kule hakuna vumbi wala shimo linaloanguka.) Sasa, vumbi la eezo likimfikia mama mjamzito, mtoto anaweza kufa, anaweza kupata saratani, au mara chache anazaliwa na nguvu za ajabu. Mama yake Kaidan alikuwa Singapore, ajali ya usafirishaji ikatokea, upepo ukamletea. Kaidan akazaliwa na nguvu. Wakamtia kifaa kichwani cha aina ya zamani, kikamwachia maumivu ya kichwa ya maisha. Akiwa kijana, mkufunzi wao alimvunja mkono msichana aliyempenda; Kaidan akamuua yule mkufunzi kwa nguvu hizo. Toka siku hiyo msichana akamwogopa.

Ndipo nauliza: mtu wa namna hii ungetaka apige kelele? Mashabiki wengi wanasema anachosha, anajizuia mno. Amejizuia kwa sababu aliona siku moja kinachotokea asipojizuia. Na mwaka 2020 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa hapa hapa Lubumbashi: watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na madini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Mwandishi wa Kanada hakuwa anafikiria Ruashi, mtaa wetu wenye mgodi, alipoandika mstari ule wa Singapore. Lakini miye nikiwa Ruashi ndipo nilipousikia. Shabiki wa mahali pengine ataupita kama maelezo ya kujaza ukurasa, naye hajakosea. Hakuna kilichomsimamisha pale.

Ashley vilevile. Babu yake, jenerali, alisalimu amri kwa waturian kule Shanxi, na jina la Williams likawa doa. Baba yake hakupanda cheo, na yeye mwenyewe alipewa vituo duni. Kuna wanaosema Ashley ni mbaguzi tu, anachukia wasio binadamu. Anasema maneno mabaya, ndiyo, sitamtetea kwa kila neno. Lakini katika mji ambao mwaka 1992 na 1993 familia nzima zilisukumwa kwenye treni kwa sababu ya asili ya jina lao, mtu aliyefungiwa milango kwa jina la ukoo hatuwezi kumsoma haraka haraka. Nimesikia watu wawili wakibishana juu ya Ashley mpaka nikagundua Ashley ameshaondoka mezani kitambo, na wanaobishana ni babu zao.

Juu ya Jacob nitasema kwa kifupi kwa sababu najua mnasubiri. Jacob Taylor, mwenzetu mweusi wa mchezo wa pili. Shepard mwanamke akimpenda, anarudi katika mchezo wa tatu anamkuta na daktari Brynn Cole, na mtoto yuko njiani. Hakuna jibu unaloweza kumpa la kubadilisha hilo. Wapenzi wengine wote wanaume wanangoja; huyu mmoja anampa mwingine mimba. Wapo wanaosema ni uhalisia, watu huachana. Sawa, huachana. Ila ukiwa na kikapu cha wapenzi na unahitaji mmoja wa kuwa mhuni, na mkono wako unakwenda moja kwa moja kwa yule mweusi, mkono huo una mazoea. Kuna Anderson, admirali mweusi, aliyeandikwa kwa heshima mpaka pumzi ya mwisho. Hilo linanithibitishia kwamba walijua kuandika, na kwa Jacob hawakujisumbua.

Mwisho wa mchezo wa tatu sitakaa nao sana, umesemwa mno. Watu walilalamika kwamba miisho yake mitatu inatofautiana rangi tu, nyekundu, buluu, kijani, mpaka wengine wakawapelekea BioWare keki ndogo zaidi ya mia nne za rangi hizo tatu, zote ladha moja. Dhihaka tamu. Lakini wengi waliuita ugomvi wa hadithi, na kwangu ulikuwa wa mhusika. Shepard katika mchezo wa kwanza alimshawishi adui yake Saren kwa maneno mpaka akajiua mwenyewe. Mtu wa mdomo kiasi hicho, anafika mwisho, mtoto wa mwanga anamwambia chagua, naye anachagua bila kubisha! Juni 2012 walipotoa nyongeza ya bure, wakaongeza nafasi ya kukataa. Ukikataa, wote mnakufa. Nimeona watu wakilia kwa furaha kwa kushindwa huko, kwa sababu mwishowe Shepard yao alisema hapana.

Wazee waliopo watakumbuka kundi la maigizo la Mufwankolo. Mchezo haukuandikwa karatasini. Walikubaliana kisa, wakafanya mazoezi, kila mmoja akamtafutia mtu wake maneno. Kwa hiyo mtu huyo alikuwa na mwenyewe. Ukisema "Mufwankolo hawezi kusema vile," Mufwankolo alikuwepo, ungemwuliza. Shepard amepitia mikono mingi: Drew Karpyshyn aliongoza uandishi wa kwanza, wa pili akashirikiana na Mac Walters, wa tatu akaongoza Walters, na chini yao wengine, kila mtu na wahusika wake. Halafu mamilioni ya sisi wenye maneti. Ungemwuliza nani?

Basi nimesema ya kwangu. Yule wa karibu na dirisha, sijakusahau. Mpeni maikrofoni. Nyamazeni kwanza, muache kumzomea! Dada, simama. Wrex ulimpiga risasi. Tuambie ilikuwaje.