Tango Lisilo la Kachumbari

Ahsanteni. Wajapani neno huliita "tango", na naona wa nyuma wameshaanza kucheka. Si lile la kachumbari. Mwanafunzi wa sekondari kule hutembea na vikadi vya tango vilivyotungwa kwenye pete, mbele Kiingereza, nyuma Kijapani. Ndani ya treni anavipindua kimoja kimoja. Anaona "borrow", moyoni anasema "kariru", anageuza, amepata. Kingine.

Sasa mpelekeni kwa mwenyeji Mwingereza, abanwe na haja. Ataomba, kwa adabu zote, ku-"borrow" choo. Mwenyeji abaki anajiuliza kitarudishwa lini! "Kariru" ya Kijapani hufaa kwa kitabu, kwa nyumba ya kupanga, hata kwa choo cha mtu. Kikadi hakikumwambia kwamba "borrow" haifiki huko. Nasi tusicheke sana: kwetu mwenye kutoa na mwenye kupokea wote "wanaazima", ndiyo maana "borrow" na "lend" hutupiga chenga.

Watafiti hutenganisha msamiati wa kupokea, neno ukikutana nalo unalitambua, na msamiati wa kutoa, lile unalolichomoa mwenyewe unapolihitaji. Mmoja wao, Paul Nation, alichapisha mwaka 1983 kipimo cha kuoanisha neno na maana. Mwaka 1999 yeye na mtafiti mwenzake Batia Laufer wakatoa cha upande wa pili: unapewa sentensi na herufi za mwanzo za neno, ulimalizie. Hapo alama hushuka, na neno likiwa adimu zaidi, pengo huzidi.

Japani pengo hilo linalishwa. Mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu hupima Kiingereza kwa kusoma na kusikiliza. Mpango wa kutumia mitihani ya mashirika binafsi ili kuzungumza na kuandika navyo vipimwe uliahirishwa Novemba 2019, kisha ukaachwa. Wakati huohuo mtaala mpya umepandisha maneno ya sekondari ya chini kutoka 1,200 hivi hadi kati ya 1,600 na 1,800. Mwalimu ana mwaka uleule. Atakimbilia kuwafundisha kulitambua neno tu, nani amlaumu?

Pete ileile igeuzwe, Kijapani kije mbele. Aliyekuwa akipindua kama upepo atakwama na kikadi kimoja mpaka kituo kinachofuata. Na bado choo hakijatatuliwa, maana neno pekee halina jirani. Nyuma ya kikadi na iandikwe sentensi nzima: nimeazima kitabu chako, nitakirudisha Jumatatu.