Simu Inajua Fedha Zimekwenda kwa Nani, Haijui Zimekwenda Kufanya Nini

Ndugu maafisa ugani, viongozi wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika wa mazao, na ninyi akina mama na akina baba mliokuja na madaftari yenu, asanteni kwa kunialika. Mliposikia kumbukumbu za kidijitali za shamba, labda mlitegemea nije na programu mpya ya kupakua. Sina. Nimeziona nyingi zikija na mradi na kuondoka na mradi, na takwimu za mkulima zikaondoka nazo.

Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, mkulima wa mahindi hapa Ruvuma anabeba mfukoni taarifa ambazo wazee wake hawakuwa nazo: tarehe, kiasi, jina la mpokeaji, salio. Wataalamu wakiona hivyo husema kumbukumbu tayari zipo. Sikubaliani nao. Ukitoa shilingi 200,000 kwa wakala, hiyo bado si gharama. Fedha zimehama tu kutoka kwenye simu kwenda mkononi. Zikinunua mbolea ya Urea ni gharama ya shamba, zikilipa ada ya mtoto ni matumizi ya nyumbani. Na SACCOS, chama chako cha akiba na mikopo, ikikuingizia 500,000, ujumbe unasema umepokea. Umepokea, ndiyo, lakini umekopa. Wapo wanaouandika mkopo kwenye mapato, wakausifu msimu mpaka siku ya kwanza ya marejesho.

Tupige hesabu ya ekari moja. Bei ni za mfano, kila mmoja ataweka za kwake. Kulima 60,000. Mbegu 70,000. Mbolea, mfuko wa DAP na wa Urea, 140,000. Dawa ya viwavijeshi 20,000. Kuvuna na kupukuchua 60,000. Magunia na usafiri 30,000. Jumla 380,000. Umepata kilo 1,000, kwa hiyo kila kilo imekugharimu shilingi 380. Mnunuzi anakuja mlangoni na 450, unaona faida ya shilingi 70, unauza.

Palizi iko wapi? Haimo, kwa sababu alipalilia mama na watoto na hakuna aliyetumiwa pesa. Kama mngeweka vibarua kwa palizi mbili mngelipa, tuseme, 80,000. Gharama inakuwa 460,000, na kila kilo uliyouza kwa 450 imekupotezea shilingi 10. Simu haiwezi kukuambia hilo hata iwe ya bei gani, kwa kuwa jasho la nyumbani halitumi ujumbe. Mahindi mliyokula pia hayatumi ujumbe: gunia lililobaki ghalani kwa ajili ya ugali ni mavuno, liandikwe kwa bei ya siku hiyo.

Ndiyo maana nawaomba maafisa ugani msimfundishe baba peke yake eti kwa kuwa ndiye mwenye simu janja. Anayejua palizi ilichukua siku ngapi mara nyingi ni mama. Waketi pamoja jioni, mmoja ataje, mwingine aandike. Mwenye kitochi, simu ndogo ya kawaida, aandike kwenye daftari, kijana wa nyumbani aingize kwenye jedwali la simu mwisho wa wiki. Safu tano zinatosha: tarehe, shughuli, kiasi cha fedha, kilo, na kama ni shamba, nyumbani au mkopo.

Kilo, nasisitiza, si gunia. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, na gunia la halali yote huandikwa "gunia moja", na hapo ndipo mnunuzi anapokula. Kwa wenye ufuta na soya mnaouza kwa stakabadhi ghalani, yaani mnapeleka mazao ghalani, mnapewa stakabadhi, kisha yanauzwa mnadani, kazi ni nyepesi kidogo: zidisheni kilo zilizo kwenye stakabadhi kwa bei ya mnada, toeni makato, mlinganishe na kilichoingia benki. Kisipolingana, nendeni kwa karani na karatasi mkononi.

Jambo dogo la mwisho: simu huibiwa, hutumbukia mtoni, na ujumbe hufutwa ili kupata nafasi ya picha. Jedwali litumwe kila mwezi kwa mtu wa pili mnayemwamini.

Sasa fungueni ujumbe wenu wa mwezi uliopita. Chagueni kumi, na pembeni ya kila mmoja andikeni: shamba, nyumbani, au mkopo. Mtakaobishana mke na mume, njooni huku mbele, hesabu zenu ndizo tutakazoanza nazo.