Jinsi ya kukokotoa potenshali ya umeme ya chaji mbili (swali la pembetatu)

Haya, karibuni vijana wangu wa kidato cha tano na cha sita, pamoja na ninyi mnaorudia mtihani. Leo ni potenshali ya umeme. Kwenye umemetuamo mada ninayoipenda ni hii, maana ukishahangaika na mishale ya uga, hapa mishale hakuna. Potenshali ni skala. Unajumlisha namba tu, basi.

Swali liko ubaoni. Pembetatu mraba, pembe mraba iko A. Pale A kuna chaji ya +4 µC, B kuna −6 µC. AB ni sentimita 40, AP ni sentimita 30. BP ni 50, tatu-nne-tano mnaijua. Tunatafuta potenshali pale P.

Ngoja kidogo, naona kwenye kioo cha simu ubao unang'aa, B haionekani. Nafunga pazia... Sasa? Safi.

Kanuni: V = kq/r. V ni potenshali, q ni chaji, r ni umbali kutoka kwenye chaji hadi P, na k ni namba isiyobadilika, tunaichukua 9 × 10⁹. Na r, jamani, HAINA mraba. Mraba ni wa uga. Kani inapungua kwa mraba wa umbali, lakini potenshali ni kazi inayofanywa kwa kila kulombu moja ukiileta kutoka mbali kabisa, na kazi ni kani mara umbali, kwa hiyo r moja inakatwa chini. Nikisahihisha karatasi za tuisheni, ile mbili ndogo juu ya r naikuta imekaa pale kama imelipia pango.

Hatua ya kwanza, badili vizio. Mikro ni 10⁻⁶, sentimita ziwe mita. Twende.

Chaji ya A: 9 × 10⁹ mara 4 × 10⁻⁶ ni 36,000. Gawa kwa 0.3. Volti 120,000.

Chaji ya B. Hapa simama. Weka kalamu chini kwanza. Chaji ni hasi, na alama ya kutoa INAINGIA kwenye kanuni. Kwenye uga tulizoea kuiacha alama pembeni, tunatafuta ukubwa, halafu mwelekeo tunausoma kwenye mchoro. Huku hakuna mwelekeo wa kukuokoa. Ukiiacha alama nje, imepotea jumla. Kwa hiyo: 9 × 10⁹ mara −6 × 10⁻⁶ ni −54,000, gawa kwa 0.5, unapata −108,000. Nimeandika kutoa? Nimeandika. Na wewe angalia daftari lako.

Jumlisha: 120,000 toa 108,000, volti +12,000. Ni kama una laki na ishirini mfukoni na mtu anakudai laki na nane: kinachobaki ni elfu kumi na mbili. Aliyesahau alama amepata 228,000, yaani deni amelihesabu kama mshahara.

Wanaoogopa volti elfu kumi na mbili, tulieni, ni za ubaoni. Ila zina kazi. Leta chaji ndogo ya +2 nC (nano ni 10⁻⁹) kutoka mbali hadi P: kazi ni qV, yaani 2 × 10⁻⁹ mara 12,000, jouli 2.4 × 10⁻⁵. Ikiwa −2 nC, jibu ni lile lile lenye kutoa. Alama tena! Maana yake uga wenyewe ndio unaivuta, wewe unaizuia tu isikimbie.

Sasa kipande kitamu. Kwenye mstari unaopita A na B, potenshali ni sifuri wapi? Wengi wanaandika 4/x = 6/(40 − x), wanapata x = 16, wanafunga daftari. Sentimita 16 kutoka A kuelekea B, sawa kabisa. Lakini iko ya pili! Toka nje, upande wa A, mbali na B: 4/x = 6/(40 + x). Inatoka x = 80. Upande wa nje wa B usijisumbue, kule kila mahali uko karibu zaidi na chaji iliyo kubwa, haiwezi kufutika.

Na pale kwenye 16, mtu asiniambie uga nao ni sifuri. Chaji chanya inasukuma kuelekea B, hasi inavuta kuelekea B. Uga upo, tena mkubwa. Potenshali ndiyo sifuri.

Kijitabu changu cha maswali ya umemetuamo kina maswali ya namna hii pamoja na majibu, anayekitaka aniandikie. Na hili la kwako: chaji ya tatu iko sentimita 30 kutoka P. Iwe na kiasi gani ili potenshali ya P iwe sifuri? Jibu liweke kwenye maoni, na alama yake.