Mtu wa Kiti cha Kushoto: Kuchagua Shule ya Udereva wa Saketi

(Mhadhara kwa vijana wapenda magari, Mtwara)

Asalaam aleikum, na wengine wote habari za jioni. Asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kuzima zile eksozi huko nje, maana nilikuwa sijisikii mwenyewe.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja. Kijana ana Altezza yake au Subaru, amechoka kukimbizana na tochi za trafiki njia ya Mingoyo, ameweka hela ya korosho misimu miwili. Anataka akajifunze kuendesha kwa kasi mahali panaporuhusiwa. Aende shule ipi?

Hapa Mtwara saketi hatuna. Historia ya mbio Tanzania tunayo: Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404, gari ambalo wazee humu ndani wamepanda likiwa teksi. Lakini ile ni rali, vumbi na matope. Saketi ni lami, mzunguko uleule, kona ileile mara 30 kwa siku, mpaka uijue kama unavyoijua njia ya chooni usiku umeme ukikatika. Wenzetu wanafundishana hayo zamani. Dereva wa mbio Jim Russell alifungua shule yake kwenye saketi ya Snetterton, Uingereza, mwaka 1957. Dereva mwenzake Bob Bondurant akafungua ya kwake Marekani mwaka 1968. Kwetu sisi watu wa kusini, mimi ningetazama Afrika Kusini kwanza. Kuna Kyalami, kati ya Johannesburg na Pretoria, palipokimbiwa Formula 1 hadi mwaka 1993, na usukani uko kulia kama kwetu. Msilidharau hilo. Ukienda Ujerumani, nusu ya siku yako itaishia kuzoesha mkono wa kulia kutafuta gia.

Sasa niwaambie nilivyoliwa hela. Shule yangu ya kwanza, na sitaitaja, niliichagua kwa picha. Gari jekundu, moshi wa matairi, jamaa kavaa ovaroli. Nikalipa. Kufika tuko wanafunzi 14, wakufunzi wawili. Asubuhi nzima darasani tunaangalia ukutani. Mchana tukapanga foleni kama ya sukari enzi zile. Siku nzima nilishika usukani dakika 22, nilizihesabu kwa saa yangu ya mkononi. Na mkufunzi hakukaa nami. Alikuwa gari la mbele, sisi tunamfuata kama vifaranga. Nilirudi na cheti kizuri sana. Kipo sebuleni, mke wangu amekibandika karibu na kalenda.

Ya pili nilikwenda baada ya miaka mitatu, nikiwa na adabu. Gari za kawaida kabisa, matairi yamelika mabega. Wanafunzi sita, wakufunzi watatu. Aliyenipokea ni mzee mmoja mwembamba, akaketi kiti cha abiria, kushoto kwangu, akafunga mkanda, akaniambia: zunguka mara tatu na usiguse breki. Nikacheka. Hakucheka. Kwa hiyo nikaenda mwendo wa 60, nikalazimika kutazama mbali, kuachia mafuta mapema, kupanua njia kabla ya kona ili niipite bila kuserereka. Mizunguko hiyo mitatu ilinifundisha kuliko miaka 20 ya barabara ya Dar es Salaam.

Halafu tukaanza breki. Tunafika mwisho wa sehemu iliyonyooka, anasema: "Kanyaga. Zaidi. Zaidi. Sasa achia, polepole, kama unamlaza mtoto aliyesinzia." Mimi nilikuwa naachia breki kwa mkupuo, kama kila mtu humu. Jamani, gari ni mama aliyebeba ndoo kichwani. Akisimama ghafla maji yanaruka mbele, akigeuka ghafla yanamwagika pembeni. Ukikanyaga breki, uzito wa gari unahamia matairi ya mbele, yanakandamizwa, yanashika lami. Ndipo usukani unasikiwa. Ukiachia kwa mkupuo, uzito unarudi nyuma, pua inanyanyuka, unakata kona na gari linanyoosha kwenda porini. Wewe unalaumu matairi.

Na tairi lina mshahara mmoja tu. Ukiutumia wote kwenye breki, hela ya kugeuza haipo. Kwa hiyo unavyozidi kukata usukani ndivyo unavyopunguza breki, kidogo kidogo. Kuisema ni dakika moja. Kuipata mguuni kunataka mtu aliyeketi pale kushoto, anayeona goti lako likitetemeka kabla wewe hujajua.

Ndiyo maana nasema, ukiipigia shule simu, swali la gari liache liwe la mwisho. Uliza mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi, na anakaa ndani ya gari au anaongea kwa redio. Uliza kwa saa, si kwa siku: gurudumu litazunguka muda gani nikiwa mimi ndiye dereva? Kisha uliza swali ambalo wengi wanaliona la kijinga: mwanafunzi akitoka nje ya lami, mnafanya nini? Shule niliyoipenda ilijibu kwamba anaingia ndani, anazima gari, wanaongea mpaka aeleze mwenyewe alichokosea, halafu anarudi. Ile ya kwanza waliniambia, "Usijali, gari zetu zina bima." Pale pale nilipaswa kujua.

Na kuhusu bima: bima yako ya hapa nyumbani, hata ile kubwa, usidhani inakufuata kwenye saketi. Soma ule ukurasa wa mambo yasiyofidiwa, mashindano utayakuta humo. Kwa gari la shule, taka kwenye karatasi: nikiligonga nalipa kiasi gani, mwisho wake wapi. Neno la mdomo halitoshi.

Kofia ya bodaboda iacheni nyumbani. Kofia za gari zenye alama ya SA ya Snell, shirika linalopima kofia, zimepimwa kwa moto pia. Zile za pikipiki, zenye M, hazikupimwa hivyo. Shule nzuri watakuazima.

Kwa anayefikiria kuingia saketi na gari lake mwenyewe, kitu kimoja tu, kwa sababu tunaishi pwani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishalewa maji, kiwango cha chini kinachokubaliwa kinashuka hadi 155. Kwenye saketi breki hupata joto ambalo mteremko wa kuingia Mikindani hauwezi kuzipa. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni na hupati kitu. Na kumbuka, mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa tangu breki zishike hadi gari lisimame unakuwa mara nne. Kwa 100, sekunde moja ya kupepesa macho umeshakwenda karibu mita 28.

Ukinitaka nikutajie shule ya kwenda kesho, nitakukatalia, kwa sababu wakufunzi wanahama, na unachokilipia shuleni ni mkufunzi. Uliza jina la atakayekaa na wewe, uliza yuko pale tangu lini.

Kabla ya kutumia hela hiyo lakini, Jumamosi tutafute uwanja mtupu, kwa ruhusa ya mwenyewe, tuweke makopo badala ya koni na ndoo ya maji kiti cha nyuma. Atakayemwaga anafuta. Nitaketi kushoto mimi. Gari lolote lenye breki nzima lije, isipokuwa ile Crown nyeusi pale mlangoni. Tairi zake nimeziona nilipokuwa naingia.