Mgomba Usio na Mbegu

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, vijana, habari za mchana.

Nimekuja Mbeya nikipitia Tukuyu, mikungu imepangwa kando ya barabara. Nani hapa amewahi kupanda mbegu ya ndizi? Hakuna, tunapanda chipukizi. Ndizi tunazokula nyingi zina seti tatu za kromosomu, vile vijiuzi vya urithi ndani ya chembe hai, badala ya mbili. Ili mmea utoe mbegu, seti hizo lazima zigawanywe nusu kwa nusu, na tatu haigawiki sawa. Mgomba umestawi, mkungu mzito, mbegu hakuna.

Na mwanamume yanaweza kumpata yanayofanana na hayo: mwili mzima, lakini mbegu za kiume ni haba au hakuna. Kwa kawaida ana kromosomu 46, zikiwemo mbili za jinsia, X moja na Y moja. Takriban mmoja kati ya wanaume 600 huzaliwa na X ya ziada, na wengi wao hawajui mpaka ndoa ipitishe miaka bila mtoto. Mwingine hesabu yake imetimia, ila Y yake imepungukiwa kipande kidogo. Watafiti Tiepolo na Zuffardi wa Italia walilionyesha eneo hilo mwaka 1976. Kipande hicho kikikosekana, korodani hutoa mbegu chache sana au hazitoi kabisa. Yupo pia ambaye jeni moja, yaani kipande cha maelekezo ya urithi, iitwayo CFTR, ina hitilafu: mbegu anazitengeneza, lakini mirija ya kuzipitisha haikuumbika tangu tumboni mwa mama.

Hapa naomba mnisikilize. Wengi wao tendo la ndoa wanalimudu na shahawa zinatoka. Kinachokosekana ndani ya shahawa hizo huonekana kwa hadubini tu. Ndiyo maana lawama humwangukia mke. Shangazi yangu alirudishwa kwao baada ya miaka saba, akiitwa tasa. Aliolewa kwingine, akazaa watatu. Yule mume wa kwanza hakupimwa hata siku moja, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mwaka ukipita mnatafuta mtoto, nendeni hospitali wote wawili. Kipimo cha shahawa kirudiwe, maana mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, na homa kali ya juzijuzi inaweza kuzipunguza. Kipande cha Y kilichokosekana hakirudishwi na dawa yoyote, ya duka wala ya mitishamba. Baadhi yao daktari huweza kuzipata mbegu chache na kuzipandikiza ndani ya yai. Lakini mtoto akiwa wa kiume atarithi Y ileile, na wazazi wanapaswa kuambiwa hilo kabla hawajaamua.

Mzee pale nyuma ameinua mkono. Karibu, baba.