Kaboni monoksidi inavyoishika teknetiamu

Walimu wenzangu, na ninyi wanangu wa kidato cha tano na cha sita, karibuni.

Baridi ya Mbeya mnaijua. Mwezi wa sita na wa saba, kuanzia huku Uyole hadi Makete, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha na kulala. Wengine hawaamki. Kinachowaua ni kaboni monoksidi (CO), gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huling'ang'ania chuma cha himoglobini kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Leo mkirudi nyumbani lisemeni hili: jiko lilale nje.

Sasa, kwa nini gesi hii huzishika metali kwa nguvu hivyo? Kaboni yake ina jozi ya elektroni isiyo na kazi, nayo huielekeza kwenye metali. Hiki ni kifungo cha sigma, yaani cha moja kwa moja kati ya atomu mbili, na peke yake ni dhaifu. Lakini metali nayo ina elektroni zake za nje ziitwazo za d, na CO ina obitali (nafasi za elektroni) tupu za pai za kuzipokea. Metali inaporudisha elektroni, kaboni inaweza kutoa zaidi, na kifungo kinakaza pande zote mbili. Anayelipia ni kifungo cha kaboni na oksijeni: kinalegea, kwa sababu elektroni zinazorudi huingia kwenye obitali inayokidhoofisha. Na hili linapimika. CO iliyo huru hutetema kwenye 2143 kwa sentimita katika spektra ya infraredi. Ikishikwa na metali inayorudisha elektroni, namba hushuka. Napenda sana kipimo hiki, kwa sababu kinatuonyesha elektroni zimekwenda wapi.

Twende kwenye teknetiamu, metali namba 43 kwenye jedwali la elementi. Jirani zetu wa Panda Hill wana niobiamu ardhini, namba 41. Hatua mbili mbele kwenye jedwali ndiyo teknetiamu. Ila hii huchimbi, maana haina hata isotopu moja thabiti. Perrier na Segrè waliigundua Palermo mwaka 1937, ndani ya kipande cha molibdenamu kilichopigwa kwa chembe kwenye saiklotroni (mashine ya kuongeza kasi ya chembe) ya Berkeley.

Kabonili yake, yaani kiwanja chake na CO, Tc₂(CO)₁₀, ilitengenezwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hesabuni nami. Atomu ya teknetiamu ina elektroni 7 za nje, CO tano zinaleta 10, jumla 17. Imepungua moja kufika 18, idadi ambayo metali za aina hii hutulia nayo, basi atomu mbili zinashikana na kila moja inachangia elektroni yake. Wanafunzi wengi huchora CO ikiwa daraja katikati ya atomu mbili, kama walivyoona kwenye kabonili ya kobalti. Hapa hakuna daraja. CO zote kumi ziko pembeni, tano kwa kila atomu: moja nchani na nne kuizunguka, na zile nne za upande mmoja zimepishana na nne za upande wa pili. Kinachounganisha nusu mbili ni kifungo cha metali kwa metali tu, chenye urefu wa angstromu 3.04 hivi, cha manganizi ni 2.90.

Kabonili iliyo karibu na hospitali zetu ni nyingine: teknetiamu yenye chaji +1, CO tatu na maji matatu. Elektroni 6 za d, 6 za CO, 6 za maji: 18 tena. CO zote tatu hukaa uso mmoja, kila moja ikitazamana na maji. CO mbili zikitazamana hugombania elektroni zilezile za d; maji hayagombanii. Kwa hiyo CO hubaki, na maji hutoka kirahisi kuachia nafasi molekuli inayojua njia ya kwenda kwenye kiungo kinachochunguzwa. Roger Alberto na wenzake kule Uswisi walionyesha mwaka 1998 kwamba ioni hii hutengenezeka ndani ya maji, kwa kanieneo ya kawaida. Hilo lilikuwa jambo kubwa, maana nusu uhai wa teknetiamu-99m, isotopu inayotumika hospitalini kupiga picha za viungo, ni saa 6 tu, na mtaalamu wa hospitali hana muda wa kutumia mitambo ya kanieneo kubwa.