"Nyingi" Si Kipimo: Kumkabili Daktari Unapotaka Kutolewa Kizazi

Walionisikia siku zilizopita wameanza kucheka. Wanajua naanza na pedi. Naam, naanza na pedi, maana anayetaka kutolewa kizazi kwa sababu ya hedhi nzito aje na hesabu.

Mwanamke anaingia kwa daktari. "Hedhi inatoka nyingi, mama?" "Nyingi sana, daktari." Basi. Anatoka na vidonge vilevile vya mwaka jana, halafu analalamika hakusikilizwa. Alisikilizwa, ila hakusema kitu! "Nyingi" ya huyu ni kidogo ya yule, na daktari hana muda wa kupiga ramli.

Kipimo kipo, wala hakihitaji maabara. Kila pedi unayobadilisha ipe alama: iliyoguswa kidogo 1, iliyolowa kiasi 5, iliyolowa yote 20. Bonge dogo la damu 1, bonge kubwa 5. Jumlisha tangu siku ya kwanza hadi damu ikatike. Ikifika 100, inakadiriwa umepoteza kama mililita 80 au zaidi, na huo ndio mpaka uliozoeleka wa hedhi nzito. Tupige hesabu ya siku ya pili peke yake: pedi 4 zilizolowa yote, 80. Mbili za kiasi, 10. Mabonge makubwa mawili, 10. Mia tayari, na hedhi haijafika hata katikati! Huyo ndiye aliyekuwa akisema "nyingi".

Andika hedhi 3 mfululizo. Wengi huharibu hapa: leo pedi nene, kesho nyembamba, alama zinapoteza maana. Au wanasahau za usiku. Au wanajaza miezi yote mitatu kwenye foleni ya kliniki, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja wa haraka, wakidhani daktari haoni.

Pamoja na daftari, beba majibu ya vipimo viwili vya damu: himoglobini, yaani wingi wa damu, na ferritini. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Ferritini inaonyesha akiba ya madini ya chuma, na akiba huisha kabla himoglobini haijashuka. Sasa sikilizeni: umemeza vidonge vya kuongeza damu miezi miwili, kipimo kinasoma 12.4, unaambiwa uko sawa. Andika tarehe ulipoanza kuvimeza, la sivyo vidonge vyako vitatoa ushahidi dhidi yako.

Najua kuna anayesema moyoni, "Daktari ataniona mjuaji." Na akuone! Aliyekuja na hesabu amemrahisishia kazi.

Orodhesha pia tiba ulizojaribu: jina, kipimo, miezi mingapi, kwa nini uliacha. "Nilipewa vile vyeupe" haisaidii. Kitanzi chenye homoni huweza kuchukua miezi 3 hadi 6 kabla damu haijatulia. Ukikitoa wiki ya tano, utaambiwa hukukipa nafasi, na atakayekuambia hivyo hajakosea.

Madaktari nao tuwatendee haki. Kutoa kizazi ni upasuaji mkubwa: kibofu au mirija ya mkojo inaweza kujeruhiwa, damu inaweza kuganda miguuni. Akitaka ultrasaundi, au kipande cha utando wa ndani ya kizazi kipimwe kwanza, hasa ukiwa na miaka 45 na zaidi, hakuzungushi. Anatafuta saratani, maana ikiwepo mpango mzima wa upasuaji hubadilika.

Lakini "Mumeo anasemaje?" Ridhaa ni ya mwenye mwili. "Je, ukija kutaka mtoto?" Hilo ni swali halali, lijibu mara moja: najua sitabeba mimba tena, naomba liandikwe kwenye faili. Akikataa, usigombe. Uliza: sababu ya kitabibu ni ipi? Kitu gani kikibadilika utakubali? Kisha omba kukataa kwake na sababu yake viandikwe kwenye faili, na akupe rufaa kwa daktari mwingine wa magonjwa ya wanawake. Sababu nyingi zinazotamkwa kirahisi huwa nzito kuandikwa.

Mwenyekiti anatazama saa, nami nilikuwa na mambo manne zaidi. Haraka haraka. Kutoa kizazi si kutoa ovari, yaani vifuko vya mayai. Ovari zote zikitolewa kabla ya ukomo wa hedhi, ukomo unaingia papo hapo, na mifupa hulipa gharama. Shingo ya kizazi ikibaki, uchunguzi wa saratani yake unaendelea. Endometriosisi, yaani utando kama ule wa ndani ya kizazi unaoota nje yake, haiondoki eti kwa sababu kizazi kimetoka. Njia ni tatu: kupitia ukeni, matundu madogo tumboni, au kupasua tumbo. Uliza kwanza kama ya ukeni inawezekana, kwa kuwa ya tumbo hudai wiki 6 hadi 8 za kupona.

Na fomu ya ridhaa isome mapema, kabla hujapewa dawa ya kukutuliza. Tafuta panapotajwa viungo vitakavyotolewa. Mkikubaliana ovari zibaki, paandikwe hivyo kwa maneno, na paandikwe pia daktari afanye nini akizikuta zina ugonjwa.